Finjani Zimewekwa Chini

Mwaka themanini na tatu, pale Bidbid, Omani, njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa, kila gari ilisimama watu wanywe chai. Ndipo Nadhir, kanzu nyeupe inanukia udi, alipommwagia Shukriya chai kwenye abaya.

"Huna macho?"

"Ninayo, bibiye. Ndiyo yaliyoniponza."

Lo, mtu na ulimi wake! Shukriya, nesi wa Ibra, alicheka hata bibi yake, Bi Kaltham, akamfinya.

Simu zikaanza. Habibi huku, roho yangu kule. Mpaka siku moja Nadhir akaanza kwa kukohoa.

"Kampuni yetu inataka serikali iiachie matibabu ya wazee. Kila mzee atalipa bima. Jumatatu tunakuja kuwaeleza, na mimi nitafasiri. Wazee wenu Kiswahili cha Unguja ndicho kinachowaingia."

"Bibi yangu mgonjwa wa moyo, kampuni gani itamtaka? Na wewe ndiye wa kumpakia asali maneno yao?"

"Ni kazi tu, roho yangu."

"Basi kaioe hiyo kazi!" Akakata simu, akalia kwa hasira.

Jumatatu ukumbi wa Ibra ulijaa, na afisa wa serikali alikuja kutoka Maskati kusikia kama wazee wanaridhia. Mkubwa wa kampuni alisema kwa Kiarabu cha vitabuni, Nadhir akafasiri, kahawa ikazungushwa. Bi Kaltham akaiweka finjani yake chini, imejaa. Kwetu mwenye haja haonji kahawa mpaka ajibiwe. Wazee wote wakaweka zao.

"Mfasirie afisa," alisema Bi Kaltham. "Tulitoka Unguja mikono mitupu, serikali ikatupokea, ikatutibu. Leo tumezeeka ndiyo tunauzwa? Hatutaki!"

Mkubwa, kwa ile sauti tu ameshaelewa, akamnong'oneza Nadhir, "Mwambie afisa wanauliza tu."

Shukriya alimkazia macho. Nadhir akafasiri neno kwa neno, kwa sauti, kisha naye akaiweka finjani yake chini.

"Kazi huna!" mkubwa alifoka.

"Alhamdulillahi."

Kampuni ikaondoka bila ridhaa ya mtu. Mjadala ulibaki Maskati, lakini wazee wa Ibra waliapa: wakija tena, finjani chini tena.

Ijumaa alasiri Nadhir alibisha kwa Bi Kaltham, yeye na ami yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibuni."

Shukriya, leso ya manjano kichwani, akamimina kahawa bila kumtazama. Nadhir akaiweka chini.

"Hunywi?" aliuliza Bi Kaltham.

"Nina haja, Bibi."

"Ati! Kazi huna, haja unayo!"

Ami mtu akainamisha kichwa. Bi Kaltham akamgeukia mjukuu wake. Msichana wa watu alitakiwa aone haya, anyamaze. Wapi!

"Mwambie anywe, Bibi," alisema Shukriya. "Kahawa inapoa."