Zenon na Takwimu za Moto

Ndugu zangu wa jiji letu la Łódź, hapa Poland, hili nalisimulia huku kinyaa kimenijaa. Mnivumilie.

Jumapili moja jirani yangu Halina alinialika chakula cha mchana. Nyumba ilikuwa na joto zuri, supu ya bitiruti inanukia. Mumewe, Zenon, mtaalamu wa takwimu kwenye kampuni ya bima, alikuwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

"Nimechambua mioto yote ya jiji," alisema, mdomo umejaa. "Yale majengo nyuma ya kiwanda, yenye nyaya za enzi za babu, ndiyo yanayoongoza kwa kuungua. Hatuyapi bima tena. Mabosi wamenipigia makofi!"

Halina akaweka kijiko chini. "Si ndiko anakokaa kaka yangu Ludwik?"

"Huko huko."

"Umemwambia?"

"Ili iweje? Shemeji ana mdomo, kesho jengo zima litajua. Na mwenye majengo ni mteja wetu, viwanda vyake vina bima kwetu; wapangaji wakikimbia atatuhama. Kazi yangu mimi ni hesabu."

Jamani, na supu akaongeza!

Halina alimwambia kaka yake yeye mwenyewe. Ludwik, mgane asiyeishiwa utani, akamfuata Zenon ofisini.

"Shemeji, dada anasema nitaiva kama soseji. Kweli?"

Zenon akacheka. "Wanawake na hofu zao! Kalale."

Ludwik akamwamini. Alimpigia dada yake simu, akamtania.

Kabla majira ya baridi hayajaisha, nyaya za ngazini zilishika moto asubuhi. Ludwik alimtoa bibi wa chumba cha jirani, akarudi kumfuata mumewe. Hakutoka tena, wala yule mzee.

Baada ya mazishi, Zenon alininong'oneza, "Unaona? Hesabu yangu haikukosea." Uso wake ulikuwa na fahari.

Halina alikuwa amesikia. "Ulijua, na alikuuliza," alimwambia mbele ya waombolezaji wote. "Usinifuate nyumbani." Mpaka leo hawaishi pamoja. Kazini, Zenon bado anasifiwa.

Funzo

Kupima hatari ya moto si kosa. Bima haiwezi kwenda bila takwimu. Uchafu ni kuijua hatari, kuokoa fedha, kisha kuwaficha wanaolala ndani yake. Kampuni ikiikataa nyumba yako, uliza sababu, na usiondoke bila jibu. Nawe unayeshika hesabu hizo, sema leo, hata ukifukuzwa kazi. Ludwik aliuliza swali moja tu, na jibu la kweli lingemtosha.