Maiti Kwenye Sinia Jeupe

Maiti zote zilitosha kwenye sinia moja jeupe: tunutu, mabuu na kaa wadogo kuliko kucha, miguu juu.

"Hawa ndio huniambia kama maji ni mazima," alisema mtaalamu wa maji, macho yamemwiva. "Miaka sita nawahesabu. Leo hata mmoja hatikisiki."

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Kobe kwa mwendo wake, hakucheka. Kijito kile kililisha tangi la zahanati. Aliamuru bomba lifungwe na sampuli zipelekwe kwa mkemia, kisha akakunja suruali akaingia majini.

"Juu ya daraja vipi?"

"Wazima wote. Vifo vinaanzia hapa, kwenye jiwe bapa tunapokaa."

"Basi si mashamba ya juu. Nani anapajua hapa?"

"Mimi na mwenzangu wa vipimo." Akasita. "Na mume wangu. Siku moja alipita."

Kesho yake mchana mkemia alijibu: dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Mume alimpokea Inspekta zizini kwa bashasha za kuazima.

"Dawa ya kupe unayo?"

"Iliisha, afande. Nilikuwa na lita moja, nikaogesha juzi."

"Lita nzima?"

"Nzima."

Kobe akamsogelea ng'ombe, akalikunjua sikio lake. Kupe walijazana humo, wamevimba kama kunde.

"Hawa waliogeshwa na nini?"

Mwenye ng'ombe akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niliwaona, mke wangu na mwenzake," alisema. "Vichwa vimegusana juu ya lile sinia. Na anacheka! Kwangu anakuja amechoka, ananuna. Kila jioni ni mwenzangu kasema hivi, mwenzangu kagundua vile. Wivu ulinila, afande. Nikaimwaga pale pale kwenye jiwe lao. Nilisema wadudu wakifa, kazi imekufa, naye atarudi nyumbani."

"Na wagonjwa wa zahanati?"

"Haki ya Mungu, sikuwafikiria."

Mkewe alikuwa amesimama langoni mwa zizi, buti zimejaa tope. Hakupiga kelele.

"Tuna kioo kimoja tu cha kukuzia," alisema. "Ungetaka tukitumie vipi, kila mtu na ng'ambo yake? Mara ngapi nilikuomba uje uone?"

"Mara tatu."

"Mbona hukuja?"

Pingu zilikwisha kufungwa. Alijibu akiitazama mikono yake.

"Nilidhani unanialika kwa adabu tu."