Msichana Anayeangalia Kuku

"Na huyu ni nani?" aliuliza Mama Daphrose, ametoka misa ya Jumapili na kuja kwa mwanawe bila taarifa.

Gakwaya aligeuka. Nyuma ya nyumba yake pale Gisozi, Xavérine alikuwa amepiga magoti, kitenge kimekazwa kiunoni, anabadilisha maranda kwenye boksi la vifaranga. Nywele zimejaa vumbi. Huyu ndiye mchumba wake wa siri. Huyu ndiye aliyemshawishi waanze kufuga, ili siku wakioana wawe na kitu chao wenyewe. Hakuna kati yao aliyewahi kufuga hata jogoo mmoja, ila Xavérine alikuwa ameuliza wafugaji.

"Huyu?" Gakwaya aliuliza. "Ni mfanyakazi, Mama. Anaangalia kuku."

Jamani, alisema hivyo. Mchana kweupe, bila hata kigugumizi.

Gakwaya alikuwa karani wa benki, mtu wa shati jeupe. Mama yake alikuwa matroni wa hospitali, mjane aliyemsomesha peke yake. Xavérine alikuwa anashona nguo Kimisagara, na baba yake ni seremala. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanamkaa rohoni yule bwana.

Xavérine alinyanyuka, akanawa, akaja kusalimia kwa mikono miwili.

"Mwiriwe, Mama."

"Mwiriwe, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Xavérine."

"Unaipenda kazi yako?"

Akamtazama Gakwaya kwanza. "Nilikuwa naipenda, Mama."

Akaingia ndani, akatoka na Fanta, akamimina taratibu, akarudi nyuma na kusimama ukutani kama wanavyosimama wafanyakazi. Gakwaya hakuwa na pa kuweka macho.

"Umepata msichana mwenye adabu," mama alisema. "Wangu ameenda kuolewa, nimebaki peke yangu. Nipe huyu anisaidie mpaka nipate mwingine."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu ilitosha. Mnajua alisema nini?

"Na kuku, Mama?"

"Kuku utaangalia mwenyewe. Xavérine, uko tayari?"

"Niko tayari, Mama. Kama bosi ameruhusu."

"Sema basi," mama akamwambia mwanawe. "Unaruhusu?"

Gakwaya alitamani ardhi ipasuke immeze. "Sawa," akasema.

Xavérine alifunga vitu vyake kwenye mfuko. Alipopita karibu naye, alisema kwa sauti ambayo hata mama aliisikia:

"Bosi, maji uweke kwenye kisahani, na mawe madogo ndani, wasilowane. Wakijikusanya pamoja, ujue wanasikia baridi, sogeza jiko. Wakilikimbia jiko, ujue ni moto sana. Na dirisha usilifunge lote, moshi wa mkaa utawaua."

"Xavé, tafadhali," alinong'ona.

"Mama ananisubiri, bosi."

Teksi iliyowabeba ikashuka mlima.

Jumatatu, kutoka ofisini, Gakwaya alipiga simu hospitalini kwa mama yake.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri."

"Na yule msichana? Anaendeleaje?"

"Vizuri. Una neno lolote la kuniambia kuhusu yeye?"

Wenzake wawili walikuwa meza ya jirani, masikio yamesimama. Gakwaya akashusha sauti.

"Hapana, Mama. Nilitaka kumuuliza kama chakula cha vifaranga kinachanganywa na dagaa."

"Nitamuuliza," mama akasema, simu ikakatwa.

Basi bwana karani akabaki na kuku wake. Kila akitoka kazini alikuta kisahani kikavu, akachoka kujaza. Jumatano akaona aweke beseni, maji ya siku nzima. Asubuhi yake alikuta vifaranga kadhaa wamezama. Wengine, waliolowana, walikuwa wamejibana kwenye kona wakitafuta joto, na wa chini wamekosa hewa. Akachuchumaa pale na suruali yake ya ofisini, akawaokota mmoja mmoja. Hakujua kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kumliza mtu mzima, lakini alilia.

Kazini hakwenda. Aliwaweka waliobaki kwenye katoni, akawafunika kwa sweta, akapanda teksi mpaka kwa mama yake Kicukiro.

Alibisha hodi, akaingia, akasimama hapohapo. Xavérine alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, kile cha marehemu baba yake Gakwaya. Amevaa kitenge kizuri cha mama. Na anayemimina chai alikuwa Mama Daphrose mwenyewe.

"Umefuata nini?" mama aliuliza.

"Vifaranga wanakufa, Mama. Nilitaka anieleze..."

"Kwa hiyo umekuja kwa ajili ya kuku."

Gakwaya aliikumbatia katoni.

"Huyu mtoto aliniambia mwenyewe," mama aliendelea. "Tukiwa kwenye teksi, hata mjini hatujafika. Alilia mpaka dereva akauliza kama tumefiwa. Alitaka kushuka arudi kwao. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia, mwanangu nimemlea mimi, namjua, kesho atakuja kusema ukweli. Jumatatu ulipopiga simu, moyo ukanidunda, nikasema ndiyo hii. Ukaniuliza habari za dagaa."

"Mama..."

"Leo Alhamisi. Tangu siku ile nakula na mtoto wa watu meza moja nikiwa siwezi kumtazama usoni. Umeniaibisha, Gakwaya."

"Nilikuogopa, Mama."

"Uliniogopa? Mimi ninayesafisha vidonda vya watu kila siku, nimchukie msichana kwa sababu ana maranda mikononi?"

Katoni ilikuwa bado mikononi mwake, ndani yake sauti ndogo ndogo zinalia. Angeweza kuendelea na uongo ule wa kumwogopa mama. Ulikuwa mzuri, na ungemsaidia. Lakini alichoka.

"Hapana," akasema. "Sikukuogopa wewe. Nilimwonea aibu. Nilipomwona pale chini na ule uchafu, nilijifikiria mimi, nikafikiria watu wa benki wangesema nini."

Xavérine aliweka kikombe mezani.

"Umeniambia unanipenda mara nyingi," alisema. "Ukweli, leo ndiyo mara ya kwanza."

Akanyanyuka, akaipokea katoni, akaingia nayo jikoni. Gakwaya akamfuata mpaka mlangoni. Alimkuta anawakausha kwa kitambaa, mmoja mmoja, karibu na jiko.

"Nisamehe, Xavé."

"Njoo uniombe kwa baba. Kwako sirudi kabla ya hapo."

"Nitawatuma wazee Jumapili hii."

"Wazee waje, ndiyo desturi. Wao ndio wasemaji, kijana hukaa kimya kama sanamu. Lakini wewe hutakaa kimya. Utasimama mbele ya wajomba zangu wote, useme uliniita nani mbele ya mama yako."

"Hilo haliwezekani. Watatufukuza."

"Basi mtafukuzwa."

Siku ya posa ilifika, pale Kimisagara, uani kwa mzee Ntakirutimana, baba yake Xavérine. Wazee walizungumza vizuri, wakataniana, wakacheka, ng'ombe wa mahari akakubaliwa. Ndipo Gakwaya aliposimama. Msemaji wake akamvuta koti akae. Hakukaa.

"Baba," alisema. "Mama yangu alipomkuta binti yako nyumbani kwangu, nilimkana. Nilisema ni mfanyakazi wangu wa kuku. Nikamwacha apelekwe kama mfanyakazi, nami nikitazama. Nilimwonea aibu. Leo aibu ni yangu."

Mjomba mmoja aliweka chupa yake chini na kuanza kuvaa kofia. Mama Daphrose aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa magoti.

Mzee Ntakirutimana alimwita binti yake kutoka ndani.

"Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli, Baba."

"Na ulilijua hili wakati unaniambia nipokee wageni?"

"Nililijua."

"Bado unamtaka?"

Gakwaya hakuthubutu kuinua macho. Aliviona viatu vyake tu, vimeng'arishwa tangu alfajiri.

"Namtaka, Baba," Xavérine alisema. "Ila sikutaka niolewe nikiwa mimi peke yangu hapa kwetu ninayejua."