Jivu Jeusi la Nangara

Mfuko wa kijana mmoja ulipasuka katikati ya stendi ya Babati, na jivu jeusi likamwagikia gauni la njano la Skolastika. Ndiyo kwanza alikuwa amevua nguo za msiba wa mama yake.

"Pole, dada! Ni jivu la makaa ya mawe. Nalifanyia utafiti."

"Wenzako wanatafiti mahindi, wewe jivu! Mchumba wako ana kazi."

"Sina mchumba."

"Wala sishangai."

Kijana akacheka. Aliitwa Elineema, na alikuwa amepanga chumba jirani na kwao, Nangara. Kila siku aliyaanika majivu yake, meupe na meusi, kwenye masinia, apime jinsi jua linavyovunja sumu ya moshi iliyoganda kwenye chembe zake. Utani ukageuka penzi. Jioni simu ya Skolastika ikiita, alijua ni nani.

"Umeanua, Bwana Jivu?"

"Nimeanua, mpenzi. Ila jua langu sijaliona leo."

Kisha Elineema akasafiri kwenda Arusha. Siku hizo maharage ya mbegu, ambayo mama alikuwa ameyachagua kwa mikono yake, yakaanza kubunguliwa. Kwao maharage huhifadhiwa kwa jivu. Skolastika akachota kwenye sinia moja la Elineema, akachanganya, akapiga simu kwa furaha.

"Jivu lako limeokoa maharage ya mama!"

"Yatupe yote, Skola! Yatupe sasa hivi!"

"Nimtupe mama?"

Akakata simu. Hakupokea tena.

Kesho yake Elineema alisimama mlangoni, shati limejaa vumbi la safari.

"Ulichota jivu lipi?"

"Jeusi. Niliona ndilo kali kwa wadudu."

"Jeupe jua hulipenya, sumu ya moshi ikavunjika. Jeusi humeza mwanga, sumu ikabaki ndani. Na hata jeupe si la chakula. Niliogopa ungeyapika, Skola. Niliogopa kukupoteza."

"Sasa hofu hiyo ungeisema, badala ya kunifokea! Nawe ni jivu jeusi."

"Nisamehe. Tuyaoshe. Tusile hata punje moja, tuyapande."

Waliyapanda shambani Sigino. Mvua ilipokolea, maharage yakachanua. Skolastika, ndani ya gauni lile la njano, akainama, akagusa ua moja.

"Asante, mama."

Nyuma yake Elineema akakohoa kidogo.

"Nitume washenga kwa baba yako?"

Skolastika akajifuta machozi, akatabasamu.

"Watume, Bwana Jivu. Ila waje mikono mitupu. Mfuko wako wa jivu ubaki nyumbani."