Kidole cha Fundi Keki

Kila asubuhi oveni iliwashwa na nyumba nzima ikanukia keki. Mke alikoroga, akamimina, akaoka. Mume alipamba. Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka kumi na miwili. Yeye aliitwa Mama Keki, na mumewe aliitwa Fundi. Maua ya krimu aliyoyachora Fundi yalikuwa mazuri hata wateja wakaona huruma kuyakata.

Kisha ini la Fundi likaharibika. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya njano. Madaktari walisema imebaki njia moja tu, apandikizwe ini lingine. Dada yake mdogo akakubali kupasuliwa, akampa kipande cha ini lake. Mungu alisikia maombi yao, kipande kile kikashika. Fundi alirudi nyumbani na kovu refu, mfuko wa vidonge, na ugonjwa wa sukari.

"Sukari kaitoa wapi?" dada huyo, wifi yake Mama Keki, aliuliza. "Aliingia hospitali hana, leo katoka nayo?"

"Ni vile vidonge vya kulilinda ini ili mwili usilikatae," Mama Keki alimweleza. "Vinapandisha sukari. Lakini haviachwi hata siku moja. Ndiyo maana anachoma insulini."

"Haya wifi. Mchunge basi. Ini lile ni langu."

Mama Keki alimchunga. Kabla ya chai alifuta kidole cha mumewe kwa pamba ya spiriti, akakichoma, akatia tone la damu kwenye mashine, akaandika namba kwenye daftari. Kabla ya chakula cha mchana alifanya vilevile. Asubuhi ilikuwa sita, au saba. Namba nzuri. Mchana ilikuwa kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane.

Alikaa akawaza. Asubuhi mumewe ndiyo kwanza ametoka kitandani, hajagusa krimu. Lakini baadaye yeye Mama Keki hutoka kupeleka keki kwa wateja. Fundi amekatazwa kubeba vizito, kwa hiyo hubaki peke yake juu ya kigoda, na bakuli la krimu mbele yake, na mfuko wa sukari ya unga pembeni. Mama Keki akirudi, anamkuta mtu na namba kumi na saba.

"Umelamba?"

"Sijalamba."

"Kwa hiyo namba hizi zimeshuka na mvua?"

"Mke wangu, tangu nitoke hospitali sijaonja hata krimu yangu mwenyewe. Siku hizi napamba kwa kukisia."

Mama Keki hakumwamini. Akaanza kuficha vijiko.

Habari ilimfikia wifi. Alikuja siku ya Ijumaa, anatembea polepole, mkono ubavuni.

"Kaka, mimi mpaka leo siwezi kubeba ndoo ya maji. Nilipasuliwa tumbo ili wewe ukae hapa ulambe krimu?"

"Mdogo wangu, namwapia Mungu sijalamba."

"Mungu mwache alipo. Lisemwalo lipo."

Fundi alimtazama mkewe, akingoja aseme neno. Mama Keki alikunja taulo lililokuwa limeshakunjwa.

Kadi ya hospitali ilisema wazi: namba ikizidi kumi na tano, piga simu. Hakupiga. Aliona aibu. Aliogopa wauguzi watasema familia gani hii, imepewa ini na haiwezi kulitunza. Badala yake aliongeza insulini kwa akili yake. Kwanza vipimo viwili zaidi vya sindano. Halafu vinne.

Jumanne ya wiki iliyofuata, mashine ilionyesha ishirini na moja.

"Leo umezidi," alisema, akaongeza vipimo vinane.

 Fundi alikula vijiko viwili vya wali, akasukuma sahani, akarudi kwenye kigoda chake. Haikupita saa moja, Mama Keki akaona ua la krimu limekwenda upande. Mkono wa Fundi ulikuwa unatetemeka. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Mke wangu, nipe maji ya sukari."

Mama Keki alicheka, lakini hakuwa na furaha. "Ndiyo. Leo umeamua kuomba waziwazi."

"Kidogo tu. Naona giza."

"Sikupi. Kamwombe dada yako."

Fundi alifungua mdomo, maneno yakatoka hayaeleweki. Akateleza kutoka kwenye kigoda kama nguo inayoponyoka kwenye kamba.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali. Walipompima kwa damu ya mshipa, sukari yake ilikuwa moja nukta nane. Wakamtundikia dripu ya sukari. Mama Keki alisimama ukutani, midomo ikisali, lakini kila alipofika kwenye "nisamehe" alikwama. Baada ya muda Fundi alifumbua macho. Alimtafuta mkewe, akampata.

"Nilikuomba maji," alisema.

Wifi naye alikuwa amefika. Muuguzi wa kliniki ya sukari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa.

"Asubuhi nzuri, mchana mbaya," alisema. "Mnafanya kazi gani nyumbani?"

"Keki."

"Nionyeshe unavyompima. Ila usimguse yeye, jipime wewe."

Mama Keki alikuwa bado na aproni yake, ametoka kazini vilevile. Alifuta kidole kwa pamba ya spiriti. Akachoma. Akaweka tone. Wote watatu wakainama kuangalia. Kumi na nane nukta tisa.

"Una ugonjwa wa sukari?" muuguzi aliuliza.

"Sina."

"Basi umelamba krimu."

"Sijalamba kitu mimi. Naapa kwa..."

Hakumalizia. Wifi alikuwa ameshageuza uso, anatazama dirisha.

Muuguzi alimpeleka kwenye sinki. Mama Keki akanawa kwa sabuni na maji ya bomba, akajikausha vizuri, akachoma kidole kingine. Tano nukta nne.

"Sukari ya kazi inaganda kwenye vidole," muuguzi alieleza. "Huioni. Inachanganyika na tone la damu, mashine inahesabu yote. Na hiyo spiriti inaua vijidudu, lakini sukari haiondoi. Nawa kwa sabuni, jikaushe, ndipo uchome. Namba ikikushangaza, nawa tena upime tena, kabla ya kugusa sindano."

"Na ikiwa juu kweli?"

"Piga simu. Usiongeze insulini kwa kukisia, wala usipunguze vidonge vya ini. Na mtu akitetemeka, akatoka jasho, akaongea ovyo, mpime. Kama mashine haipo karibu, usiitafute. Mpe nusu glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Baada ya dakika kumi na tano mpime. Kama bado iko chini ya nne, mpe tena. Ila akizimia usimtie kitu mdomoni, mlete."

"Alikuwa anasema kweli," Mama Keki alisema.

"Alikuwa anasema kweli," muuguzi alijibu. Hakumpunguzia.

Miezi mitatu imepita. Namba za mchana ni saba, nane, mara chache tisa. Daktari amepunguza insulini. Vipimo vya ini ni vizuri, na wodini wanamtaja Fundi kuwa mfano kwa wagonjwa wapya. Wifi alikuja mlangoni, akaomba radhi. "Yamekwisha," kaka yake alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye keki. Wifi akaenda zake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Keki anamshukuru Mungu kila siku kwa uhai wa mumewe, na kila siku anaomba jambo moja zaidi, ambalo mashine haipimi.

Ikifika saa sita mchana, Fundi anaweka chini mfuko wa krimu. Anakwenda kwenye bomba, ananawa kwa sabuni, anajikausha. Kisha anakuja mbele ya mkewe, ananyoosha mikono yote miwili, anaigeuza huku na huku.

"Kagua."

"Sina haja ya kukagua, mume wangu. Nakuamini."

"Kagua," anasema Fundi. "Usije ukasema baadaye."

Naye anaikagua, kidole kimoja kimoja, hadi cha kumi.