Msiirudishe Kumi na Saba

Jirani yetu mmoja, tuliyemwita Ramani, alikuwa na kazi ya kukaa tu. Kila Jumanne alichukua orodha ya anwani kutoka manispaa, akailinganisha na ramani ya mtandaoni ambayo wakazi wenyewe huichora na kuirekebisha. Nyumba mpya aliiongeza, iliyobomolewa aliifuta. Sharti lilikuwa moja: mkazi akiacha maelezo, usiguse kitu mpaka uende ukaone kwa macho yako.

Jumanne hiyo orodha ilileta nyumba nambari kumi na saba. Kwenye ramani, wakazi walikuwa wameifuta mara tisa, na wa mwisho kaandika: "Haipo. Msiirudishe."

"Watu hawana kazi," Ramani alisema. Jua lilikuwa kali na tumbo linanguruma. Akabonyeza *Kubali zote*, akaenda zake kula.

Saa nane mchana akapigiwa simu na mdogo wake wa kike, anayesambaza vifurushi kwa pikipiki akifuata ramani hiyo hiyo. Alikuwa ananong'ona.

"Kaka, nimeleta mzigo nyumba nambari kumi na saba. Mlango umejifunga."

"Si ufungue utoke!"

"Kitasa kina mate."

"Mate?"

"Ya moto, kaka."

Ramani alitoka mbio, mdomo bado umejaa chakula. Kati ya nyumba ya kumi na tano na ya kumi na tisa palikuwa na upenyo usiotosha hata kitanda, na mwisho wake ukuta mtupu. Pikipiki ya mdogo wake ilikuwa imeegeshwa hapo. Mlango hakuna. Harufu ilimpiga kwanza, ya nyama iliyosahaulika wiki nzima kwenye sufuria yenye kifuniko.

Akagusa ukuta. Ulikuwa laini. Ulikuwa unatoka jasho la mafuta, na alipovuta mkono, nywele za watu zilibaki zimemnata kiganjani. Alitapika palepale. Ukuta ukavimba ukashuka taratibu, ukayalamba matapishi yake yote.

"Uko wapi humo ndani?" alinong'ona kwenye simu.

"Sijui. Kuta zinameza mate. Zinameza, kaka."

Akafungua ramani. Kidole kilisimama juu ya neno *Futa*. Akiifuta nyumba, na aliye ndani je? Simu ilinyamaza. Akabonyeza.

Ukuta ulicheua. Mdogo wake akaangukia miguuni pake, katapakaa ute wa njano hadi kwenye kope. Alikuwa anapumua. Ramani alilia kama mtoto.

Nyumbani mdogo wake alioga mara tatu. Sabuni iliisha, harufu haikuisha. Ramani alikaa sebuleni, akaikagua ramani: kati ya kumi na tano na kumi na tisa, peupe. Akashusha pumzi.

Kisha akaiona kumi na saba. Ilikuwa juu ya nyumba yao, upande wa bafuni. Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena. Ikarudi.

Mlango wa bafu ulifunguka. Mdogo wake akapita nyuma yake, akaelekea jikoni.

Alama kwenye ramani ikahamia jikoni.

"Kaka," alinong'ona kutoka huko. "Nina njaa."

Walihama wiki hiyo bila kuaga. Mwenye nyumba waliyoiacha ameshakipangusa kitasa cha mlango wa jikoni mara tatu. Kila asubuhi anakikuta kimelowa, na kina joto.