Gamba la Tangi la Pembeni

Jua lilikuwa linazama nilipochukua kopo la chakula kwenda kuwalisha kamba. Mume wangu tulimzika wiki ile, Mungu amrehemu, lakini kamba hawajui msiba.

Tulifuga kamba wa maji baridi, wale wenye magando kama kaa, katika matangi ya kioo ndani ya chumba cha uani. Kila mmoja na kipande chake cha bomba cha kujifichia, maana akijivua gamba anakuwa laini, na wenzake humla. Gamba lenyewe hatuliondoi. Mwenyewe hulila, ndipo gamba jipya linapokuwa gumu. Mwanzoni sikujua. Niliona gamba zima, lina macho na miguu, nikadhani kamba amekufa, nikalitupa. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

"Mke wangu, umemtupia mwenzio nguo! Sasa atatokaje nje?"

Tangi la pembeni lilikuwa halina kamba. Mama mkwe ndiye aliyekataa maji yake kumwagwa. Siku ya mazishi nilimkuta amelinamia, anamimina kitu kutoka kwenye chupa, midomo inamchezacheza. Sala naijua. Ile haikuwa sala.

Jioni ile harufu ya tope ilinipokea mlangoni. Pampu ya hewa ilikoroma kama kawaida. Halafu...

Tk. Tk.

Ukucha kwenye kioo. Ndivyo mume wangu alivyowaita kamba wake kula.

Nikasogea pembeni. Ndani ya tangi kilielea kitu cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu. Nikakiopoa kwa wavu.

Kilikuwa na vidole.

Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la gando. Kidonda chake nilikifunga mimi, kwa mikono yangu.

Nikakitia kwenye ndoo. Nikashika kiberiti. Nyuma ya matangi, penye giza, kitu kikajiburuta kama tambara lililolowa.

Pwaa... pwaa...

"Mke wangu," kikanong'ona. "Nirudishie. Mimi bado laini... Wenzangu watanila."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Usichome, mwanangu. Nakuomba."

"Mama, hiki si cha Mungu."

"Ni mumeo."

"Mume wangu nimemzika."

"Wewe umemzika. Mimi nilimzaa."

Nililitaja jina la Mungu. Njiti ikaungua hadi ikanichoma vidole. Wenzake kina nani? Huko chini yuko na nani?

Kisha, Mungu anisamehe, nikaimimina ndoo tangini.

Asubuhi gamba halikuwepo. Mama mkwe sasa anapika huku anaimba, na mezani anaweka sahani ya tatu. Simuulizi. Nasali, lakini maneno yananitoka nusunusu.

Jana jioni nilisikia hatua uani. Pwaa... pwaa... Zilifika mlangoni kwangu, zikarudi.

Leo jua limezama tena. Nimefunga komeo. Hatua hizo, zinakuja. Si pwaa tena.

Leo zina visigino.